Mkono wa Kulinganishia

Jumatatu, 6 Mei

Kiti cha dirishani bado ni changu. Naandika hivi kwa sababu leo nimesikia huenda kisiwe.

Kiti chenyewe ni cha kwanza ukiingia saluni. Ngozi nyekundu, kinazunguka bila kulia. Mteja akikaa hapo anaonekana barabarani, na kinyozi wake pia anaonekana. Kiti cha pili kiko ndani, karibu na beseni, kimeinama upande mmoja kama kinasikiliza siri. Nilisimama nyuma ya kiti hicho cha pili miaka sita.

Cha dirishani kilikuwa cha Shemeji, mume wa dada yangu. Miezi minane iliyopita mkanda wa pampu ya maji ulimchukua mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Nililia sana. Kesho yake nikahamishia mashine zangu dirishani. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Tangu hapo Shemeji anakaa kwenye benchi la wateja, anapiga soga, anasubiri. Kumbe alikuwa anasubiri kweli! Leo kaingia anatabasamu: kliniki wanampa mkono wa bandia, wa betri, vidole vinafunga na kufungua. Bosi, yule mama mwenye saluni, akamwambia mbele yangu eti akileta karatasi ya kliniki inayosema mkono huo unafaa kwa vichwa vya watu, kiti chake kinamsubiri.

Kiti chake!

Wateja wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, mtu asije akaniwazia vibaya.

Jumanne, 7 Mei

Nimemsindikiza Shemeji kliniki. Upelelezi. Dada kanishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Mimi nalala chumba cha uani kwake na kula mezani kwake, kwa hiyo huwa naona haya kidogo kidogo tu, nisije nikayamaliza.

Chumba cha Fundi wa Mikono kinanukia gundi na plasta. Rafu tatu za mikono. Ya kulia, ya kushoto, mingine haina vidole bado. Fundi ni mama mfupi, miwani moja machoni, nyingine juu ya kichwa. Nikamwita daktari. Akasema daktari yuko ghorofani, yeye ni fundi, na nisiguse rafu.

Akaeleza kwamba mkono unasikiliza misuli ya kigutu. Shemeji akikaza misuli ya ndani, vidole vinafunga. Akikaza ya nje, vinafungua. Nikauliza unasikiliza kwa masikio gani. Fundi akashusha ile miwani ya pili, akanitazama kwa zote mbili, akaendelea na Shemeji.

Halafu akasema jambo lililonifungua akili. Shemeji aende na mkono nyumbani akauzoee, na Jumatano ijayo ataupima. Na kwa kuwa karatasi inahusu kazi ya kinyozi, anatafuta kinyozi mwingine wa umri huohuo, mwenye mikono aliyozaliwa nayo, wapimwe pamoja. Mkono wa kulinganishia.

Nilijitolea kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Hesabu ni rahisi. Mkono wangu ukiushinda ule kwa mbali, karatasi itasema haufai. Haufai maana yake kiti kinabaki. Sitakuwa nimemfanyia mtu ubaya wowote. Nitakuwa nimehamisha vipande vya mbao tu. Kwani ndicho kipimo: sanduku lenye vyumba viwili, ukuta katikati, vipande vidogo vya mbao. Unahamisha kimoja kimoja juu ya ukuta, dakika moja, wanahesabu.

Njiani Shemeji kanishika bega na kuniambia mimi si shemeji tena, ni ndugu wa damu. Nikakohoa.

Alhamisi, 9 Mei

Mazoezi. Nimechukua vibanio vyote vya nguo vya Dada, ndoo mbili na kipande cha mbao cha kuwa ukuta. Jana vibanio hamsini na nane kwa dakika. Leo sitini na sita! Mkono wangu wa kulia ni umeme. Nimeutazama kwa heshima mpya.

Dada kapiga kelele uani. Nguo zake zimepeperuka mpaka kwa jirani. Kauliza vibanio viko wapi. Nikasema kwa upole kwamba najiandaa kumsaidia mume wake. Machozi yakamlengalenga, akaenda kuokota mashuka mtaroni.

Shemeji naye anafanya mazoezi. Mayai. Fundi kamwambia mkono wa bandia haujui kama umeshika yai au jiwe, kwa hiyo anayepaswa kujua ni yeye. Anachukua yai kwenye trei, analiweka kwenye bakuli. Leo kavunja tisa. Tumekula mayai asubuhi, mchana na jioni.

Mayai tisa. Nimelala usingizi mtamu.

Jumamosi, 11 Mei

Leo mayai mawili tu mezani. Nikakosa hamu ya kula.

Nimekaa kumchunguza. Nimegundua kitu kikubwa! Shemeji hawezi kushika chochote bila kukitazama. Mimi naweza kutafuta funguo mfukoni huku nagombana na mtu. Vidole vyangu vinajua hii ni funguo, hii ni kofia ya kalamu, hii ni pipi ya mwaka jana. Vya kwake havijui lolote. Asipotazama, anaweza kushika hewa akaridhika.

Kwa hiyo dawa ni kumtoa macho. Nikakaa karibu naye na kumsimulia habari ya mteja aliyelala kwenye kiti, akaota yuko harusini, akaamka anamshukuru Bosi kwa pilau. Naisimulia vizuri sana. Shemeji akaanza kucheka. Alipocheka akakaza misuli, na mkono ukafunga.

Ukafunga kwenye kola ya shati langu.

Nikamwambia afungue. Akasema anajaribu, lakini kila akiniona nilivyo anacheka, na kila akicheka mkono unakaza. Nikamwambia asinitazame. Akasema asiponitazama hajui ameshika nini. Hapo nikaishiwa hoja, kwa sababu ndiyo hoja yangu mwenyewe.

Nilikaa pale nusu saa nzima, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Dada akarudi kutoka dukani, akabonyeza swichi ndogo chini ya kiwiko, vidole vikalala. Akamuuliza mume wake kama amesahau swichi. Shemeji akasema, eh, imemtoka kabisa akilini.

Sijui kama ilimtoka. Uso wake haukuwa wa mtu aliyesahau.

Na jambo lingine linanisumbua. Nusu saa ile, mkono haukulegea hata kidogo. Wangu ungekuwa umeshaomba poo.

Jumatatu, 13 Mei

Mayai yote mazima. Trei nzima! Dada kayapanga upya kama mapambo. Kifungua kinywa kilikuwa chai kavu na mawazo.

Nimepiga moyo konde. Kesho ni siku yake ya mwisho ya mazoezi. Betri ya mkono huchajiwa sebuleni, nyuma ya kabati, kwenye soketi ya tundu nne. Betri ikiwa tupu, kesho hafanyi mazoezi. Asipofanya mazoezi, Jumatano anatetemeka. Sikuharibu kitu. Nimechomoa waya tu. Hata upepo ungeweza kuchomoa waya.

Kuna waya tatu nyeusi pale, zote zinafanana. Niliingiza mkono nyuma ya kabati bila kuona, nikachagua kwa vidole. Hiyo ndiyo tofauti ya mkono wenye akili.

Jumanne, 14 Mei

Nilichomoa mashine yangu ya kunyolea.

Nimeligundua hilo saluni, katikati ya kichwa cha Mwalimu. Mwalimu ndiye mteja mgumu kuliko wote mtaani. Hatulii. Anafundisha hata akinyolewa, kichwa kinafuata hoja zake. Kila kinyozi amewahi kumchongea njia isiyokuwepo. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia, nimekunja sikio la kushoto, mashine ikalia kama mbu anayekufa, ikanyamaza.

Mashine ya akiba iko kwa fundi umeme tangu wiki iliyopita. Mwalimu akajitazama kwenye kioo, nusu mtu, nusu kichaka. Akauliza, hii ndiyo mitindo ya siku hizi?

Shemeji alikuwa kwenye benchi. Mkono umechajiwa, umejaa, unang'aa. Mfukoni ana mashine yake ya zamani ambayo haachani nayo. Akaninyooshea, akasema shem, chukua hii umalizie.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Bosi akasema hapana. Akasema aliyeileta ndiye amalize, yeye anataka kuona kwa macho yake kabla ya hizo karatasi.

Nikasogea pembeni. Nilijisemea tulia, Mwalimu atatikisa kichwa, mambo yataharibika yenyewe.

Shemeji akashika mashine kwa mkono wa kulia, ule wake. Wa bandia akaupeleka taratibu, huku anautazama, ukakunja sikio la Mwalimu. Ukatoa ule mlio mdogo wa injini. Zzz.

Mwalimu akakatisha sentensi. Sijawahi kuona. Akakaa kama mche wa sabuni. Hapumui, hapepesi. Shemeji akanyoa mstari ulionyooka kama rula, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu azaliwe, kichwa chake kilikuwa mahali pamoja.

Alipomaliza, Bosi akamuuliza Mwalimu kama ameumia. Akasema hapana, hata kidogo, mkono ulikuwa mpole na wa baridi baridi. Mbona basi ametulia hivyo? Mwalimu akasema kwa sauti ndogo kwamba sikio analo moja upande ule.

Nimechanganyikiwa. Mkono usiohisi kitu umemnyamazisha mtu. Wangu unaohisi kila kitu, miaka yote hii, chini yake wanatikisika tu.

Lakini kesho ni kipimo. Kipimo hakiogopi mtu.

Jumatano, 15 Mei

Nimeshinda! Sielewi chochote.

Naandika kwa mpangilio, labda nitaelewa nikifika chini.

Kwanza, sanduku la vipande. Nikakunja shati, nikauweka mkono wa kulia tayari. Fundi akasema la, baba, kushoto. Nikauliza kwa nini. Akasema kwa sababu mwenzako amepoteza wa kushoto, tutalinganishaje kushoto na kulia? Akasema hata Shemeji atapimwa wa bandia peke yake.

Wiki nzima! Vibanio mia kadhaa! Mkono wangu wa kushoto haujawahi kufanya mazoezi ya kitu chochote. Kazi yake katika maisha ni kukunja masikio na kuinamisha vichwa.

Na kweli, ulifanya ulichozoea. Ulikamata kipande cha kwanza cha mbao na kukiinamisha. Baya zaidi, kila nikikivusha kipande ukutani nilikuwa nakipuliza. Fuu! Kama kuondoa nywele. Fundi akaniuliza kwa nini napuliza mbao. Nikasema ndivyo nilivyofundishwa. Arobaini na saba.

Shemeji, kumi na tisa.

Kumi na tisa! Nikakunja ngumi chini ya meza. Fundi akaandika, akamwambia Shemeji hongera, wiki moja tu na umefika kumi na tisa. Nikadhani kakosea upande wa karatasi. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba arobaini na saba ni yangu. Akasema anajua, baba, amehesabu mwenyewe.

Pili, kitambaa machoni. Unapewa mfuko una vitu ndani, unataja. Mimi: kitana, kifungo, kipande cha sabuni, msumari. Vyote sahihi. Shemeji aliuliza kama mfuko umeshaletwa. Ulikuwa mkononi mwake dakika nzima.

Hapo nilianza kumwonea huruma. Nilikuwa nashinda kupita kiasi.

Tatu, Fundi akaleta kichwa cha plastiki chenye masikio ya mpira laini. Ndani ya sikio kuna kitu kinachopima linavyobanwa. Kazi ni kukunja sikio, ulishike vilevile, usizidishe, usilegeze, muda wa kichwa kimoja cha kunyoa. Rahisi! Nimekunja masikio maelfu.

Dakika ya tatu mkono wangu ukaanza kuwasha. Ya tano kidole gumba kikaanza safari zake. Ya saba nilikuwa nabana, nalegeza, nabana. Mshale unaruka kwenye karatasi. Fundi akasema huo mchoro unafanana na milima. Ya tisa sikio likaniponyoka, likapiga kichwa cha plastiki kibao.

Shemeji akatazama sikio, akalikunja, akasimama. Dakika kumi. Kumi na tano. Mstari kwenye karatasi mnyoofu kama alivyonyolewa Mwalimu. Fundi akaenda kuchemsha chai. Akarudi, akanywa chai. Shemeji bado. Akapiga miayo na mkono haukupiga miayo naye. Fundi akasema inatosha, la sivyo betri itaisha na yeye hajala.

Basi, nikasubiri hukumu. Mambo matatu, nimeshinda mawili. Mpirani huyo ni mshindi, hakuna mjadala.

Fundi akaandika, akagonga muhuri, akamsomea Shemeji. Mkono wa kuzaliwa una kasi zaidi ya mara mbili na unahisi. Mkono wa bandia hauhisi na lazima utazamwe, lakini unashika bila kuchoka wala kutetemeka. Kwa kazi ya mkono wa kushoto wa kinyozi, yaani kushika, kukunja na kuinamisha, unafaa. Asiupe wembe, na asifanye kazi betri ikiwa chini ya nusu.

Nikasema samahani, na mimi niliyeshinda?

Akauliza nilishinda nini.

Nikasema mbao. Na mfuko.

Akavua miwani zote mbili. Akasema hakuna aliyekuwa anashindana, alikuwa anatafuta mkono huu unaweza nini na hauwezi nini, na mimi nimesaidia sana, hasa kwa ile milima. Akanipa mkono. Nikampa wa kulia. Angalau mtu mmoja katika kliniki ile amejua ubora wake.

Njiani Shemeji akaniambia kitu. Akasema miezi minane kwenye benchi lile hakuogopa kukosa mkono. Aliogopa mtu akimwangalia aone mgonjwa tu, asione kinyozi. Akaishika ile karatasi kwa mkono mpya, akiitazama isikunjamane.

Nilitaka kusema neno zuri. Nilikuwa nalitafuta. Lakini akilini kulikuwa na arobaini na saba, inazunguka kama pia.

Ijumaa, 17 Mei

Nimehamia kwenye beseni. Kiti cha pili kimenipokea kwa mlio.

Shemeji kasafisha kioo cha dirishani mwenyewe. Bosi kampa shuka jipya la wateja. Dada kaja na chupa ya chai kubwa ya kutosha mtaa, akamimina, akalia, akamimina tena. Watu walisimama nje kutazama. Saa nne asubuhi foleni imefika mlangoni. Na ni Mwalimu huyohuyo anayewasimamia, anawafundisha jinsi ya kukaa.

Mimi nimepata mteja mmoja. Alikuwa ameingia kuuliza njia.

Sikukaa bure. Nimefikiri. Wateja hawapendi kinyozi anayehisi, wanapenda anayetisha kwa upole. Mchana nikavaa glavu nyeusi ya kuchanganyia rangi ya nywele mkono wa kushoto, nikaukaza, nikawa naupeleka polepole, nautazama, na kutoa mlio kidogo kwa meno. Zzz.

Mteja aliyekosa nafasi dirishani akaketi kwangu. Nikakunja sikio. Zzz. Akaruka, akaniuliza kama nimepooza, na tangu lini. Akamwita Bosi. Bosi akaniletea kiti nikae na kunipa maji. Shemeji akaacha kichwa katikati, akaja mbio kunishika mkono, akauliza kama nahisi vidole.

Nikasema nahisi. Nahisi kila kitu, hilo ndilo tatizo.

Akaniambia shem, pumzika leo, wateja wako nitawamalizia.

Wateja wangu!

Jumatatu, 20 Mei

Jumapili nzima nimelala chali natafakari. Sasa nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi. Tangu mwanzo nilipigania upande usio wenyewe! Nilikuwa nashindana na mkono ule badala ya kuwa nao. Kinyozi mwenye mkono wa bandia mmoja kajaza saluni. Je, wa pili? Bosi ataweka kiti kingine dirishani, dirisha ni pana.

Asubuhi nimeenda kliniki peke yangu. Fundi alikuwa na mgonjwa, kwa hiyo nilichukua fomu ya maombi mezani kwa karani, nikaijaza mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Jina. Umri. Kazi: kinyozi. Sababu ya kuomba: kazi. Mkono unaoombwa: wa kushoto, wa betri, wenye mlio.

Nilikwama mahali pamoja tu, penye swali la ni lini nilipoteza kiungo. Sikutaka kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali. Nimeandika: bado.